Jicho Lilikuwepo, Ruhusa Haikuwepo

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandika katika insha, na walimu wetu wakaitia alama ya vyema. Lakini ndugu msomaji, hebu tuketi kitako tuulizane: je, ni kweli kila chanda chema kilivikwa pete? Na ikiwa kuna chanda kilichokuwa kimefungwa kamba nyuma ya mgongo siku pete zilipokuwa zikigawanywa, tutasema hakikuwa chema? Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu niandike katika gazeti hili letu la chama cha Kiswahili.

Ninataka kuzungumzia mchezo ambao wengi wetu hapa Voi hatujawahi hata kuuona kwa macho: kulenga shabaha kwa bunduki, hasa mashindano ya kimataifa ya miaka ya 1940 na 1950. Najua yupo atakayesema, "Huyu naye! Kandanda ipo, voliboli ipo, riadha ipo, yeye anatuletea mambo ya bunduki!" Subira, mwenzangu. Subira huvuta heri. Ukifika mwisho wa makala hii utaona kuwa habari hii ni yetu, tena inaanzia hapa hapa, baina ya milima ya Taita na nyika ya Tsavo.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Mlenga shabaha hasimami tu na kufyatua risasi ovyo kama tunavyoona katika filamu. Katika mashindano ya mita 50 kwa kulala kifudifudi ya mwaka wa 1956, mtu alipiga risasi 60, na kila risasi iliyogonga katikati kabisa ilipata alama 10. Jumla yake ni 600. Katika mashindano ya mikao mitatu ya wakati ule, mtu alipiga risasi 40 akiwa amelala kifudifudi, 40 akiwa amepiga goti na 40 akiwa amesimama wima, jumla alama 1,200. Kisha kulikuwa na bunduki kubwa ya mita 300, umbali wa viwanja vitatu vya kandanda ukiviweka kimoja mbele ya kingine. Hapo hakuna nguvu za misuli. Mtu hushusha pumzi nusu, akaituliza, akabana kifyatulio polepole kama anayekamua tone la mwisho la chungwa. Mikono ikitetemeka kidogo tu, alama zimekwenda! Kwa ufupi, ni mchezo wa jicho, pumzi na subira.

Wako waliosifika kwa mchezo huo. Mwaka wa 1948, katika Olimpiki ya London, Emil Grünig wa Uswisi alitwaa nishani ya dhahabu ya mita 300. Mwaka wa 1952 huko Helsinki, Anatoli Bogdanov wa Muungano wa Kisovieti akaichukua, na 1956 akashinda tena katika mikao mitatu ya mita 50, safari hii kwa alama 1,172 kati ya 1,200. Na kwa upande wa bastola alikuwepo Károly Takács wa Hungaria. Huyu aliharibiwa mkono wa kulia na guruneti mwaka wa 1938. Wengine wangekata tamaa. Yeye akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, akashinda dhahabu mwaka wa 1948 na tena 1952. Penye nia pana njia, jamani!

Sasa tuje kwetu. Mwaka wa 1956 ndio Kenya ilipoingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne, Australia. Kamati ya Olimpiki ya Kenya ilikuwa imeundwa mwaka uliotangulia, na nchi ilikuwa bado koloni la Mwingereza. Wengi tunamkumbuka Nyandika Maiyoro aliyemaliza wa 7 katika mbio za mita 5,000. Kumbe msafara ule haukuwa wa wakimbiaji peke yao. Kulikuwa na timu ya magongo, kulikuwa na waogeleaji, na kulikuwa na walenga shabaha wa bunduki, mmoja wao akiwa Charles Trotter. Naam, Kenya ilikuwa na walenga shabaha katika Olimpiki kabla hata haijapata bendera yake.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifurahi. Kisha nikajiuliza, mbona hatusikii jina la Mwakio, la Mghanga, la Mutua wala la Kahindi katika bunduki? Maiyoro alikwenda Melbourne kwa miguu yake, na miguu haikuhitaji leseni kutoka kwa Bwana DC. Kijana Mwafrika aliweza kukimbia kutoka nyumbani hadi mtoni, kutoka mtoni hadi shuleni, mpaka siku moja wakubwa wakamwona na kumwita uwanjani. Lakini bunduki! Ni Mwafrika gani wa kawaida angeweza kuweka bunduki ya mashindano chini ya kitanda, akaitoa jioni na kwenda kufanya mazoezi? Wanachama wa mchezo ule walikuwa Wazungu wa koloni. Wao ndio waliokuwa na silaha, na viwanja, na vilabu, na muda.

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda mwaka huo huo. Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, kupatikana na bunduki au risasi bila idhini kuliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Olimpiki ya Melbourne ilifunguliwa tarehe 22 Novemba 1956. Siku tano baadaye, tarehe 27 Novemba, mahakama ya Nyeri ilimhukumu Dedan Kimathi kifo. Kosa aliloshtakiwa lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Msomaji, usinielewe vibaya. Sisemi kwamba Kimathi alikuwa mwanamichezo. Alikuwa vitani, na kila mtu anajua hivyo. Wala siwalaumu akina Trotter kwa kwenda kushindana. Kila mtu hucheza mchezo aliofunzwa. Ninachosema ni kwamba katika majuma yale mawili, chini ya serikali ile ile, silaha mkononi mwa mtu mmoja ilikuwa mchezo wa kuiletea Kenya heshima, na mkononi mwa mwingine ilikuwa kifo. Katika hali kama hiyo, tutasemaje kuwa orodha ya walenga shabaha wa Kenya ndiyo orodha ya watu waliokuwa na macho makali kuliko wote Kenya? La hasha! Ilikuwa orodha ya waliokuwa na ruhusa.

Nyanya yangu husimulia habari za baba yake, aliyechukuliwa kuwa askari wa King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Askari wa Afrika Mashariki walipelekwa hadi Burma, na mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana huko katika mvua na matope. Huko walifundishwa kulenga, wakalenga, na waliorudi wakarudi. Nyanya husema, "Baba alirudi na koti na kikombe cha bati. Bunduki haikurudi." Mimi hucheka akisema hivyo, naye pia hucheka, lakini ukiyafikiri sana maneno hayo utaona hayana kicheko. Serikali ilimfundisha mtu kulenga ili amtetee Mfalme. Vita vilipokwisha ikaichukua bunduki, na pamoja na bunduki ikachukua na nafasi ya kuujua mchezo. Hakuna aliyemwambia, "Ewe askari, jicho lako ni jema, njoo Jumamosi kilabuni."

Basi tuitazame ardhi yetu wenyewe. Ukipanda matatu Voi kuelekea Mtito Andei, kabla ya kufika Mto Tsavo utaipita Manyani. Wengi huijua kwa gereza. Miaka ya 1950 palikuwa na kambi kubwa ya kuwazuilia watu waliotuhumiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Baada ya msako wa Nairobi wa Aprili 1954, maelfu waliletwa huku kwetu, katika jua hili tunalolijua, wakakaa nyuma ya seng'enge wengi wao bila kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo wakati jina la Kenya lilipokuwa likisomwa Melbourne, maelfu ya vijana wenye nguvu walikuwa wamefungiwa hapa hapa jirani yetu. Nani alijua mle ndani mlikuwa na vipaji gani?

Na ng'ambo ya barabara, mashariki yake, iko mbuga ya Tsavo iliyotangazwa mwaka wa 1948. Makao makuu ya Tsavo Mashariki yako papa hapa Voi. Katika nyika ile waliishi Waata, ambao vitabu vingi vya zamani viliwaita Waliangulu. Hawa walikuwa wawindaji wa ndovu kwa upinde na mshale wa sumu. Upinde wao haukuwa wa kuchezea watoto. Kuuvuta kulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45, nao walikuwa wakimkaribia ndovu kwa kunyata hadi hatua chache, wakijua upepo unavumia wapi na kijiti gani kitalia kikikanyagwa. Mtu akikosa hapo hapotezi alama; anapoteza maisha. Wako walioandikwa vitabuni kwa umahiri huo, kama Galogalo Kafonde.

Mwisho wa mwaka wa 1956, katika msimu ule ule wa Melbourne, David Sheldrick aliyekuwa mkuu wa mbuga ya Tsavo Mashariki na wenzake walianza operesheni kubwa ya kupambana na uwindaji haramu. Waata wengi walikamatwa wakafungwa. Hapa lazima niseme kweli, maana msema kweli ni mpenzi wa Mungu: ndovu walikuwa wakiuawa wengi mno, na pembe zilikuwa zikiuzwa kwa wafanyabiashara waliozipeleka pwani. Ndovu walistahili kulindwa, na hadi leo wanastahili. Lakini serikali yenyewe iliona kuwa watu hawa walikuwa na ujuzi usiopaswa kutupwa, ndiyo maana mwaka wa 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili wapate kuutumia kwa kazi halali. Mpango ule haukudumu. Waata wakabaki na jina la ujangili, na upinde ukabaki na jina hilo hilo.

Sasa ninakuuliza, msomaji. Mwaka wa 1956, katika eneo moja la Kenya, kulikuwa na watu ambao maisha yao yote yalikuwa kulenga. Katika mwaka huo huo, Kenya ilipeleka watu ng'ambo kwenda kulenga. Makundi haya mawili hayakukutana hata siku moja. Hivi kweli hakuna aliyeona ajabu?

Kuna kisa kimoja cha Melbourne ambacho hunifikirisha sana. Katika shindano la mita 50 kwa kulala kifudifudi, Gerald Ouellette wa Kanada alipiga risasi zote 60 katikati. Alama 600 kati ya 600! Alikuwa akitumia bunduki ya Mkanada mwenzake, Gilmour Boa, ambaye naye alipata nishani ya shaba kwa alama 598. Ungedhani rekodi ya dunia imeandikwa. Kumbe uwanja ulipopimwa, ikaonekana umepungua mita moja na nusu. Dhahabu alibaki nayo, kwa kuwa wote walipiga katika umbali mmoja, lakini rekodi ya dunia haikukubaliwa.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, Boa hakuificha bunduki yake. Alimwachia mwenzake, na wote wawili wakarudi na nishani. Chombo kikishirikishwa, ushindi huongezeka. La pili, kabla ya kuamini matokeo, upime uwanja. Alama zinaweza kuwa safi, mlengaji anaweza kuwa mwaminifu, lakini ikiwa uwanja una kasoro, hesabu ina kasoro. Nami nasema uwanja wa Kenya ya miaka ya 1950 ulikuwa na kasoro kubwa kuliko mita moja na nusu. Ulipimwa ukawaacha nje watu walio wengi. Matokeo yake tunayaheshimu, lakini tusiyafanye kipimo cha nani ana jicho na nani hana.

Hapo mwenzangu mmoja wa Kidato cha Nne aliniuliza, "Ina maana Waata wangeshinda Olimpiki?" Sijui, wala sidai hivyo. Kumpiga ndovu hatua kumi si sawa na kugonga duara dogo la karatasi hatua hamsini. Bunduki ina ufundi wake na upinde una wake. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, nacho hakikataliki: hatutajua kamwe, kwa sababu hawakupewa nafasi ya kujaribu. Wahenga wengine walisema asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii naiona ni kali kuliko ile ya chanda na pete, maana inasema wazi kinachotokea duniani. Aliyeachwa nje ya uwanja hahesabiwi hata kuwa ameshindwa.

Nchi zilizofanya vizuri katika mchezo ule zilifungua mlango. Uswisi ni nchi ya milima kama ya kwetu hapa Taita, ingawa yao ina theluji. Huko kulenga shabaha ni desturi ya vijijini. Vilabu vimeenea, na watu wa kazi za kawaida hukutana kushindana. Mjini Zürich kuna shindano la kila mwaka la vijana wa umri wa miaka 13 hadi 17, nalo tangu 1991 linawapokea wasichana pia. Wasovieti nao, walioingia Olimpiki mara ya kwanza mwaka wa 1952, waliwafundisha vijana kwa wingi katika vilabu vya umma. Huwezi kumpata Bogdanov mmoja usipowafundisha maelfu. Hata Uingereza, mwaka wa 1930 mwanamke aitwaye Marjorie Foster aliwapita wanaume akashinda Tuzo ya Mfalme pale Bisley. Ruhusa ilipokuwepo, jicho halikujali nani amevaa sketi.

Sasa tuje kwenye leo, maana historia isiyotusaidia leo ni kama maji ya kwenye picha. Je, nataka shule zetu zigawe bunduki? Hapana, tena mara elfu hapana! Nchi yetu imekwishaumizwa na silaha, na bunduki ina sheria zake kali, na ni sawa iwe hivyo. Ninachopendekeza ni upinde. Ulengaji kwa upinde ni mchezo wa Olimpiki. Ulirudishwa katika michezo hiyo mwaka wa 1972, kwa wanaume na kwa wanawake. Mlengaji husimama mita 70 kutoka kwenye shabaha yenye upana wa sentimita 122, na duara la alama 10 lina upana wa sentimita 12.2 tu, kama kisosi cha kikombe cha chai. Mwaka wa 2016 huko Rio, aliyebeba bendera ya Kenya katika sherehe ya ufunguzi hakuwa mkimbiaji. Alikuwa Shehzana Anwar, mlengaji wa upinde. Mwanamke, Mkenya, na upinde wake.

Katika shule moja niliyosoma zamani, tuliwahi kutoa pendekezo hilo mbele ya kamati ya michezo, mimi na wanafunzi wengine watatu. Hatukumaliza hata kusema. Mzee mmoja wa kamati alitukata kauli: "Nyinyi mnataka kutufugia majangili hapa?" Watu wakacheka, na kikao kikaendelea na habari za jezi za kandanda. Nililolisikia siku ile silisahau, kwa sababu lilinionyesha kuwa mawazo ya mwaka wa 1956 hayajafa. Upinde mkononi mwa mtoto wa nyikani bado ni ujangili kabla haujawa mchezo.

Basi niwajibu wanaofikiri kama mzee yule, tena kwa heshima zote, maana mkubwa hakoseewi adabu.

Kwanza, wanasema upinde ni wa ujangili. Sheria iko wazi: uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, na kuingia mbugani na silaha ni kosa. Hakuna anayetaka kuubadilisha ukweli huo. Lakini mshale wa mazoezi hauna sumu, hauna chembe ya kuwindia, na hukaa katika stoo ya shule chini ya kufuli kama vile mkuki na kisahani cha riadha vinavyokaa. Mbona hatusemi kuwa kurusha mkuki kunafuga majangili? Mkuki nao si uliwahi kuulia wanyama?

Pili, wanasema ni hatari. Ni kweli, tena ndiyo sababu mchezo huu una nidhamu kuliko mingi. Filimbi mbili, walengaji wanakwenda kwenye mstari. Filimbi moja, wanaanza kulenga. Filimbi tatu, wote wameweka pinde chini ndipo wanakwenda kutoa mishale. Hakuna anayevuka mstari kabla ya wakati. Sasa niambieni, ni mahali gani pengine kijana wa leo anafundishwa kusubiri filimbi ya tatu? Sisi ambao hata foleni ya chakula hutushinda!

Tatu, wanasema ni ghali. Pinde za Olimpiki ni ghali, sikatai. Lakini anayeanza hahitaji ya Olimpiki. Mafundi wa kuchonga mbao tunao, magunia ya kujaza nyasi kavu tunayo, na uwanja mpana ndio usiseme, nyika yote hii! Zaidi ya hayo, wazee wanaojua kuupinda upinde na kuukaza ugwe bado wapo, na wakiondoka wataondoka na elimu hiyo. Wakialikwa shuleni kama walimu na si kama watuhumiwa, watakuwa wametutajirisha sisi, nasi tutakuwa tumewarudishia heshima kidogo.

Tena kuna faida nyingine ambayo watu wa hapa Voi wataielewa upesi. Pale Manyani, karibu na ilipokuwa kambi ya wafungwa wa zamani, leo kuna chuo cha mafunzo cha askari wa wanyamapori. Wanaofunzwa kulenga huko wanafunzwa ili wamlinde ndovu. Tazama jinsi mahali pamoja panavyoweza kugeuka maana! Kijana anayejifunza shuleni utulivu wa mkono na heshima ya shabaha, kesho atakuwa tayari kwa kazi kama hiyo. Na hata asipokuwa askari, atakuwa amejifunza kutuliza pumzi kabla ya kuamua jambo. Samaki mkunje angali mbichi.

Wenzangu wanachama, nimeandika haya katika gazeti la Kiswahili wala si katika ubao wa matangazo ya michezo, nami nina sababu. Lugha yetu nayo inalijua jambo hili. Tunasema kulenga, shabaha, upinde, ugwe, mshale, podo. Maneno haya hayakutoka Melbourne wala Zürich. Watu hawatungi maneno ya kitu wasichokijua. Ikiwa lugha ina podo, basi kuna waliozivaa podo hizo mabegani. Kuyaacha maneno hayo yakae katika kamusi peke yake ni kuuzika ujuzi mara ya pili.

Kwa hivyo ombi langu ni moja. Mwaka ujao, kamati za michezo katika shule zetu za Taita Taveta zikiketi kupanga mambo yao, ziweke upinde katika orodha, hata kwa majaribio ya muhula mmoja. Wasichana na wavulana wasimame mstari mmoja, mtoto wa Mwaata, wa Mdawida, wa Msagalla, wa Mtaveta, wa Mkamba na wa mfanyakazi wa reli, wote umbali mmoja, wote shabaha moja. Uwanja upimwe vizuri safari hii. Kisha tuone nani ana jicho. Akishindwa mtu, ashindwe akiwa ndani ya uwanja, wala si akiwa nje ya ua akichungulia.

Mcheza kwao hutuzwa. Sisi tuko kwetu. Kilichobaki ni kupuliza filimbi.

Ni mimi wenu,
Mwanachama, Kidato cha Nne.